Hakuna Neno, Bwana

Mjukuu wangu Idi amepandishwa cheo. Sasa ni msimamizi katika kiwanda kimoja cha kupasua mbao, njia ya kwenda Momela. Ana watu ishirini na wawili chini yake, na amepewa filimbi. Ijumaa iliyopita alikuja kunisalimu. Baada ya shikamoo na marahaba aliketi, akavuta suruali magotini pasi isiharibike, akaniambia kwamba huu ni mwezi wa tatu tangu ashike kazi na hakuna mtu hata mmoja aliyemletea malalamiko. Nilimtazama nikamwonea huruma. Bibi yake alidhani namwonea fahari, akamwongezea chai.

Sikumwambia kitu siku ile, kwa sababu mtu mwenye filimbi mpya hasikii vizuri. Lakini tangu hapo silali usingizi mzuri. Basi nawaandikia ninyi nyote, Idi na wenzake, mliopewa filimbi, kalamu au funguo za stoo, mkaambiwa msimamie watu. Mimi niliwahi kusimamia watu sitini ambao hawakuwa na malalamiko hata moja. Someni yaliyonipata.

Jina langu Shomari. Ni mtu wa Pangani kwa kuzaliwa, na mtu wa Arusha kwa kuchoka kutembea. Nilikuja huku wakati wa Mjerumani, nimebeba mzigo wa mwenyewe kichwani. Nilipofika chini ya Mlima Meru mguu ulivimba, msafara ukaenda zake, nikabaki. Nilipata kazi kwenye shamba la kahawa la Mjerumani mmoja, juu kidogo ya Akheri. Jina lake halisi lilikuwa refu na lilikwaruza koo, kwa hiyo tulimwita Bwana Miwani. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine, na nasema hivi nikijua kwamba wengine hao hawakuwa kipimo kizuri.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Mabruki, nyapara wa zamani wa shamba lile. Mabruki alikuwa na elimu moja tu, lakini aliijua mpaka mwisho. Alisema habari ya kumpelekea bwana ni kama chai, lazima uichuje kwanza kisha uitie sukari. Plau ikivunjika, Mabruki alikwenda barazani akavua kofia, akasema, plau imepumzika, bwana. Maksai akifa, alisema yule mwekundu leo hakuamka mapema. Siku ghala la majani makavu liliposhika moto, nilimwona kwa macho yangu akipanda ngazi taratibu, akasema upande wa ghala leo kuna joto kidogo. Bwana Miwani alimshukuru, akaendelea na kahawa yake mpaka moshi ulipomfikia kooni. Na bado hakumkasirikia Mabruki. Aliukasirikia upepo.

Nilicheka sana siku ile, kumbe nilikuwa darasani. Mabruki alipozeeka nikapewa kofia yake na kazi yake, na chujio lake pia.

Msinielewe vibaya, mimi nilikuwa na kipaji hicho tangu nyumbani. Sisi watu wa pwani ukituuliza habari tutakwambia njema, hata kama tunatoka makaburini. Mabaya yatakuja baadaye, kwa mafungu, ukishakaa ukanywa maji. Ni adabu, na mpaka leo naipenda. Tabu ni kwamba kule shambani ile njema ya kwanza tuliifanya kuwa ndiyo ya mwisho, na maji hayakunywewa kamwe.

Sasa huku bara nilikuta watu wa namna nyingine, na wa kwanza wao alikuwa Loishiye. Huyu alikuwa Mwarusha wa Moshono, mchungaji wa maksai wote wa shamba, ishirini na wanne, waliokokota plau na magari. Kwao watu wawili wakikutana hawaulizani habari wakaishia hapo. Wanakula habari, ndivyo wasemavyo. Mmoja anasimama na fimbo yake, anaeleza yote tangu alipotoka: ng'ombe wakoje, nyasi zikoje, maji yako wapi, nani kazaa, nani kafa. Mwenzake anaitika tu, ee, ee, mpaka yaishe. Kisha wanabadilishana zamu. Mara ya kwanza nilipomuuliza Loishiye habari za asubuhi, uji wangu ulipoa nikiwa nimesimama. Ilipofika zamu yangu, nilimwambia njema. Akaendelea kunitazama, anangoja chakula kilichobaki.

Tulizoeana hivyo hivyo. Alinifundisha kushika shina la pembe la maksai kila asubuhi kabla ya kumtia nira. Likiwa la moto, hata kama gari limeshapakiwa, mwache apumzike. Alinifundisha kutazama pua kama ni mbichi, na masikio kama yanafukuza nzi au yamewaachia. Mpaka leo nikimpitia ng'ombe wa mtu njiani mkono unakwenda wenyewe kwenye pembe. Niliyajua ya ng'ombe kwa sababu yeye aliyasema yote bila kuchuja. Hilo sikulifikiria wakati ule.

Na sasa niwaeleze juu ya shauri. Bwana Miwani aliwahi kuona huko mjini, kwenye boma la serikali, kwamba mtawala huketi akasikiliza watu, akaona ni jambo zuri, akalianzisha shambani. Kila Jumamosi mchana kilitolewa kiti, ikatolewa meza ndogo, likafunguliwa daftari. Watu sitini walisimama mstari. Bwana aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha shambani ambacho kilitosha kabisa, "Kuna neno?" Nasi tukajibu kwa sauti moja, "Hakuna neno, bwana." Naye akaandika. Wageni wake walistaajabu kuona shamba lenye amani namna ile. Mmoja alimwomba amwelekeze jinsi anavyofanya, na Bwana Miwani akamweleza kwa unyenyekevu mkubwa.

Hawakujua kwamba Ijumaa jioni tulikuwa na mazoezi. Mimi ndiye niliyeyaongoza. Wapya wengine walikuwa wanachelewa kuitika, na sauti haikupendeza.

Kisa chake ni hiki. Shauri la kwanza kabisa, kabla sijapewa kofia, Mmeru mmoja wa hapo hapo aitwaye Kaaya aliamini kwamba swali ni swali. Bwana aliuliza kuna neno, Kaaya akasema lipo, unga wa posho una wadudu. Kwa bahati mbaya siku hiyo walikuwepo wageni. Kaaya akavunja mawe mwezi mzima, na unga ukabaki na wadudu wake. Tangu siku hiyo, bila mtu kutufundisha, tulijua jibu. Mabruki akaongeza sheria yake, kwamba mwenye neno asiende barazani, amletee nyapara, na nyapara atajua la kufanya. La kufanya lilikuwa kulimeza.

Basi mwaka mmoja mvua za vuli hazikunyesha. Majani ya shamba yakawa ya kijivu na maksai wakaanza kuonyesha mbavu, na masika ilikuwa inakuja na kazi ya plau. Bwana Miwani alipanda farasi akazunguka mlima, akapita Momela, akaona tambarare kule chini imepata mvua yake na imekuwa kijani. Alirudi amefurahi sana. Akaamuru Jumatatu Loishiye awapeleke maksai wote huko wakakae mwezi mmoja wanenepe.

Jumapili asubuhi Loishiye alikuja kwangu. Alianza kama kawaida, maksai, nyasi, maji, mpaka akafika kule tambarare.

"Nyumbu wanazaa kule sasa hivi," aliniambia. "Ng'ombe akila nyasi pale nyumbu amezalia, macho yanakuwa meupe, pua inaziba, anakufa. Dawa hakuna. Tungoje mpaka watoto wa nyumbu wageuke rangi, wawe weusi kama mama zao. Ndiyo twende. Wewe mwambie bwana maneno hayo yote, usiache hata moja."

Nilimwambia nitamwambia. Nilikuwa nimekusudia hivyo kweli. Nilipanda ngazi za baraza maneno yote yakiwa mdomoni, nyumbu na macho meupe na rangi ya watoto. Nikamkuta Bwana Miwani na barua kutoka kwao. Alikuwa anatabasamu. Miaka sita nilikuwa sijamwona akitabasamu asubuhi. Akaniuliza bila kuinua kichwa kama Loishiye yuko tayari kwa safari, na kama kuna neno.

Nikasema, "Hakuna neno, bwana."

Lilitoka lenyewe. Nikajiambia nitamweleza jioni, kwa mafungu, akishakaa. Jioni alikuwa na wageni.

Loishiye alikuwa ananingoja kwenye zizi. Aliniuliza kama nimemwambia. Hapo ndipo nilipofanya kosa la maisha yangu, na lilichukua muda mfupi kuliko kufunga nira. Nilimwambia, "Nimemwambia. Amesikia yote. Amesema mwende." Loishiye aliwatazama maksai. Kisha akasema ng'ombe ni wa bwana, na kama bwana amesikia yote na bado amesema twende, basi. Asubuhi akaenda nao.

Walirudi baada ya mwezi, wamenona, ngozi inang'aa. Bwana Miwani aliwapita akiwapiga makofi mgongoni mmoja mmoja. Nami nilicheka kimoyomoyo, nikasema hawa wachungaji na hadithi zao. Nilijiona mwerevu kwa muda wa siku tano.

Siku ya sita maksai mmoja aligonga mti wa zizi. Nilimshika shina la pembe, nikaondoa mkono haraka kwa moto wake. Jicho lilikuwa jeupe kama maziwa. Baada ya hapo walikwenda mmoja baada ya mwingine, pua zimeziba, wamesimama na vichwa chini mpaka wanaanguka. Loishiye aliwapelekea maji kwa mikono yake. Masika iliponyesha tulikuwa na maksai watano. Plau ilipumzika kweli kweli.

Jumamosi ile kiti kililetwa kama kawaida, na meza, na daftari. Bwana Miwani hakuuliza kama kuna neno. Alikuwa amesikia kwa mgeni wake mmoja kwamba ugonjwa ule ni wa nyumbu, akamwita Loishiye mbele akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama mambo ya nyumbu wachungaji wa kwao wanayajua. Loishiye akasema hata mtoto anayajua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, bwana. Nyapara alikuletea maneno yangu yote. Ukasema twende."

Watu sitini walinigeukia. Bwana Miwani hakunigeukia. Alifungua daftari, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akasoma. Wiki ile kulikuwa kumeandikwa kama wiki zote. Ndipo akaniuliza kama nililetewa maneno yoyote. Nilifungua mdomo, na nawaapia sijui nilitaka kusema nini, maana haukutoka hata upepo. Yeye alichukulia kwamba naona haya kumwita mwenzangu mwongo mbele ya watu. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika barua ya kwenda bomani: mchungaji huyu ameua mifugo kwa chuki na amesema uongo. Nilijua malipo ya barua kama ile. Ni hamsa wa ishirini, ndivyo tulivyoita viboko ishirini na vitano vya Mjerumani. Mpeleka barua, na msindikizaji wa mtu, nilikuwa mimi.

Jumatatu kabla ya kuondoka nilipanda tena ngazi zile. Mara hii nilisema. Nilisema yote, kwa mpangilio wa Loishiye mwenyewe, nikamaliza kwa kusema kwamba mwongo ni mimi. Nilingoja anipige, na ningeshukuru.

Bwana Miwani alivua miwani akaifuta. Akanitazama kwa upole ambao sijausahau.

"Shomari," akasema, "miaka sita hujawahi kuniletea neno baya. Leo unaniletea moja, na ni la kumwokoa mtu. Una moyo mzuri. Lakini mimi si mtoto."

Nikaapa. Akasema nisiape bure. Nikasema tena, akainua mkono kwamba yatosha. Kisha akaingia ndani, akatoka na koti lake la zamani la sufu, akanivika kwa mikono yake kwa sababu ya huruma yangu na kwa sababu asubuhi ilikuwa ya baridi. Niliondoka barazani nimekataliwa ukweli wangu, nimepewa koti. Lilikuwa koti zuri. Nililivaa miaka minne.

Njia ya kutoka Akheri mpaka mjini si fupi, nanyi mnaipita kwa gari mkisinzia. Kwa miguu ni mwendo wa asubuhi nzima. Siku nyingine zote Loishiye angenieleza kila nyasi na kila mfereji tuliovuka. Siku ile alitembea mbele yangu, nami nyuma na koti na barua. Ningeweza kuichana. Ningeweza kumwambia akate kona pale, apande kwao Moshono, nami nirudi niseme amenitoroka. Uongo wangu wote wa miaka sita, na ule mmoja wenye faida haukunijia akilini mpaka tulipoona ukuta wa boma. Mbele ya lango nilimwambia kwamba nilimweleza bwana ukweli asubuhi ile na hakuniamini. Loishiye hakugeuka. Alisema, "Ulimwambia leo."

Nilisimama pale wakati wa viboko, kwa sababu nilipaswa kurudi na jibu la barua. Hakulia. Walipomwachia alichukua fimbo yake, akapita karibu nami, nami mdomo wangu wa kipumbavu ukamuuliza, "Habari, Loishiye?" Akasimama. Akanijibu kwa adabu yote ya pwani, "Njema, nyapara." Akaenda zake kwao.

Shauri liliendelea kila Jumamosi. Vita vya Wazungu vilipoingia huku, na Bwana Miwani akawa anafunga masanduku, alitaka tukusanyike mara ya mwisho. Askari walikuwa wanapita barabarani, kahawa inaoza mitini, nusu ya watu wameshatoroka. Akauliza kuna neno. Tukajibu kwa sauti moja, na nafikiri ilikuwa safi kuliko siku zote. Aliondoka anafuta macho. Naamini mpaka alipokufa alihadithia kwao kwamba aliwahi kuwa na shamba lisilo na malalamiko.

Najua Idi atasema zama zimebadilika, hakuna kiboko. Ni kweli, na Mungu ashukuriwe. Lakini Kaaya hakuchapwa kiboko, alivunja mawe tu, na watu sitini wakanyamaza miaka yote. Kwako itatosha kumnunia mtu mmoja siku moja mbele ya wenzake. Baada ya hapo msumeno utalegea, mkanda utachanika, nawe utaambiwa mashine imepumzika. Na ukiwa na nyapara hodari kama nilivyokuwa mimi, hata hilo hutaambiwa.

Limebaki moja, nalo sijamwambia mtu.

Miaka ilipita, Mwingereza akaja, nikaacha kazi za mashamba, nikawa na duka dogo mjini. Siku moja niliamka nikapanda Moshono kumtafuta Loishiye. Nilimkuta ameketi nje ya boma lake, kichwa cheupe. Alinijua. Nilimuuliza habari za siku nyingi, akasema njema. Ng'ombe? Njema. Watoto? Njema. Mama watoto? Njema. Tukanywa maziwa, kisha nikaaga. Kwenye mteremko nilikutana na jirani yake akipanda, akanishukuru kwa kuja kuhani msiba. Nikamuuliza kuhani nani. Akanishangaa. Mke wa Loishiye alikuwa amezikwa Jumanne.

Nilikaa kwenye jiwe kando ya njia muda mrefu. Adabu yangu ndiyo iliyonijibu pale bomani kwake, niliyomfundisha mwenyewe kwa viboko ishirini na vitano.

Kisha nikageuka nikapanda tena. Alikuwa bado pale pale. Sikuketi. Nilisimama mbele yake nikiegemea mwavuli wangu, kwa kuwa fimbo sikuwa nayo, nikaanza kumpa habari zangu kama wanavyozitoa kwao. Nilianzia Jumapili ile. Nikataja nyumbu, macho meupe, rangi ya watoto. Nikasema barua ilivyokuwa, na tabasamu, na hakuna neno. Nikasema nilivyomdanganya kwenye zizi. Nikasema nilivyonyamaza kwenye shauri, na koti, na kwamba lilikuwa zuri na nililivaa. Sikuchuja kitu. Mwanzoni alitazama pembeni. Nilipofika kwenye ngazi za baraza nilisikia sauti ndogo ikiitika, ee. Nikaendelea. Ee, akasema tena, mpaka nikamaliza.

Sikumwomba msamaha, maana hiyo haikuwa zamu yangu tena.

"Ng'ombe wapo saba," akaanza Loishiye, polepole. "Mmoja anachechemea. Nyasi ni chache mwaka huu. Maji ya mfereji yamepungua, tunagawana na wa juu. Mama watoto aliugua tangu masika. Jumanne tumemzika."

Nami, kwa mara ya kwanza tangu nijuane naye, sikuwa na njema ya kutoa. Niliitika, ee.